Jinsi ya Kulinganisha Hedifoni za Kielektrostatiki kwa Sauti na kwa Starehe

Anayelinganisha hedifoni mbili za kielektrostatiki za daraja la juu hujidanganya kwa urahisi, kwa kuwa mambo yanayobadilisha sauti hubadilika bila yeye kuyaona: amplifaya (kikuza sauti kinachoiendesha hedifoni), kiwango cha sauti na, zaidi ya yote, namna mito inavyokaa masikioni. Wengi huipa sauti alama zake na starehe alama zake. Mimi huzipima pamoja, kwa sababu hedifoni iliyokaa vibaya kichwani haiwezi kutoa sauti yake halisi, na mara nyingi kile tunachokiita upungufu wa besi ni mto tu ulioacha mwanya nyuma ya taya.

Ndani ya kila kikombe mna utando mwembamba mno, wa mikromita moja au mbili hivi, uliowambwa kati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando huo hutiwa chaji ya volti nyingi, kisha mabamba hupelekewa muziki wenyewe, moja likisukuma huku jingine likivuta, hata utando mzima ukatikisika kwa pamoja. Kampuni ya Stax ya Japani, iliyotoa hedifoni yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1960, hutumia chaji ya volti 580 katika modeli zake za sasa, ilhali zile za zamani zilitumia volti 230. Plagi ya volti 580 ina pini tano na ile ya volti 230 ina pini sita. Liangalie hilo kabla ya jambo lolote, kwani hedifoni iliyotengenezewa volti 580 ikipewa 230 hupungua nguvu kwa takriban desibeli 8 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti), na msikilizaji asiyejua ataihukumu kuwa dhaifu bila kosa lake.

Hedifoni zote mbili zitumie amplifaya moja, rekodi zilezile na chanzo kilekile cha muziki. Kwa amplifaya, hedifoni ya namna hii ni kama kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji: kadiri sauti inavyopanda wembamba, ndivyo inavyodai mkondo wa umeme zaidi. Amplifaya isiyo na nguvu ya kutosha huweza kuifanya modeli nzuri isikike kavu au yenye kuchoma pale ala nyingi zinapoingia kwa pamoja. Hedifoni ya Stax SR-007, kwa mfano, inajulikana kwa kudai nguvu nyingi, kwa hiyo ulinganisho uliofanywa kwa amplifaya ndogo unaeleza habari za amplifaya kuliko za hedifoni. Hedifoni ya Sennheiser HE 1, iliyotangazwa mwaka 2015, haiingii katika kanuni hii kabisa, maana sehemu ya mwisho ya amplifaya yake imo ndani ya vikombe vyenyewe. Hapo unalinganisha mtambo mzima na mtambo mwingine, nawe useme hivyo waziwazi.

Kinachofuata ni kusawazisha kiwango cha sauti, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasiwe na haraka. Sikio huipenda sauti iliyo kubwa kidogo na kuiita safi, pana au yenye uhai. Niliwahi kutumia jioni nzima kuandika sifa za hedifoni moja, kisha nikagundua kwamba kizungushio cha sauti kilikuwa kimesogea mbele kidogo tu. Nilipokirudisha, nusu ya sifa zile zilitoweka. Chukua ubao bapa, toboa tundu linalotosha maikrofoni ya kipimo cha sauti, kisha ulaze kikombe juu yake bila kuacha mwanya. Piga mvumo mithili ya redio isiyoshika stesheni, usome kipimo, halafu ufanye vivyo hivyo kwa hedifoni ya pili hadi tofauti iwe chini ya nusu desibeli. Usitegemee mlio mmoja wa hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), kwa kuwa hedifoni mbili zaweza kulingana hapo na kuachana sana kwingineko. Malizia kwa sikio, ukitumia sauti ya mtu anayeimba peke yake, kisha uweke alama ya penseli kwenye kizungushio kwa kila hedifoni.

Katika kusikiliza, chagua vipande vifupi vya nusu dakika unavyovifahamu vyema: mwimbaji aliye karibu na maikrofoni, kwaya kubwa, ngoma inayopigwa mara moja na kuachwa ififie, na besi inayoshuka chini kabisa. Kwenye kwaya, jiulize kama unaweza kumfuata mwimbaji mmoja wa safu ya nyuma bila kukaza masikio. Kwenye ngoma, sikiliza mwisho wa mlio, si mwanzo wake. Huwezi kufichwa ni hedifoni ipi uliyovaa, kwa sababu uzito wake unakuambia. Kwa hiyo andika maoni yako leo, rudia kesho bila kuyasoma ya jana, ndipo uyaweke pamoja.

Sasa vaa kwa saa nzima. Nyingi kati ya hedifoni hizi zina uzito wa gramu 350 hadi 500 bila kebo, lakini namba hiyo haisemi mengi. Linalouma ni pale uzito unapotua, kama ni juu ya utosi mahali pamoja au kwenye utepe mpana wa ngozi. Inamisha kichwa kana kwamba unasoma, uone kama vikombe vinateleza. Kebo zake mara nyingi ni bapa na pana, nyingine ngumu, na huweza kukwaruza bega au kuuvuta upande mmoja. Kisha piga mlio wa chini wa hezi 40 na ubonyeze vikombe taratibu sana: besi ikiongezeka, mto haukuwa umeziba. Mikono ya miwani ndiyo mara nyingi huleta mwanya huo. Kwenye SR-007 mito huzungushwa, kwa hiyo peleka upande mnene nyuma ya sikio, usikilize tena kabla ya kutoa hukumu. Usibonyeze kwa nguvu, kwani hewa huusukuma utando na kutoa mlio wa aibu unaowashtua wageni. Kwa kawaida hauna madhara, ila si mchezo wa kurudiarudia.

Ukisikia upande mmoja umefifia, vaa hedifoni kinyume, kushoto kuwe kulia. Udhaifu ukihama pamoja na kikombe, tatizo liko kwenye vifaa; ukibaki kwenye sikio lilelile, ni la sikio lako. Unyevu na vumbi ndivyo maadui wa utando, kwa hiyo acha mtambo uwake dakika kadhaa, kisha upime tena kabla ya kuukataa. Na endapo mojawapo ina mito iliyochakaa na kusinyaa, badilisha mito hiyo kwanza, kisha urudi kwenye ubao na kipimo, kwa kuwa alama zako za penseli hazifai tena.