Usizime majina yanapopanda: jinsi ya kuusikiliza muziki wa filamu

Nilikulia Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na filamu nilizijulia kwenye kibanda umiza. Kaka yangu alinishika mkono, tukalipa mlangoni, tukabanana kwenye mabenchi ya mbao. Kulikuwa na kijana wa kutafsiri, naye alisimulia mwanzo mwisho kwa sauti kubwa, kwa hiyo muziki tuliuokota pale alipovuta pumzi tu. Filamu ikiisha, majina yakianza kupanda kwenye runinga, ndipo okestra ilipofunguka yote. Na ndipo mwenye banda alipobonyeza kitufe akachomoa kanda ili aingize nyingine. Nilitoka nje na tuni imekatikia kichwani. Iliniuma miaka mingi, na mpaka leo sipendi mtu azime filamu mapema.

Sasa nashona nguo Njombe mjini, na Jumapili napuliza baritoni kwenye matarumbeta ya kanisani. Muziki wa filamu ndio ninaoshonea. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyewahi kusisimkwa na nywele akitazama filamu, asijue kwamba nusu ya msisimko ule ilitoka kwa watu themanini wenye fidla na honi asiowaona.

Anzia pale pale nilipokatiwa mimi. Chukua filamu unayoijua vizuri, itazame, na majina yakianza kupanda usinyanyuke. Watunzi wengi hukusanya hapo tuni zao kubwa na kuziunga moja baada ya nyingine, bila mtu kuongea juu yake wala gari kulipuka. Sikiliza mpaka kioo kiwe cheusi. Kisha nenda kapike, kafue, fanya lolote, na uone ni tuni ipi unaipigia mluzi bila kukusudia. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Usianze na ile unayoambiwa ni maarufu.

Hatua inayofuata wanakwaya wataielewa haraka. Ukiwa mgeni kwenye kwaya husikii sauti nne, unasikia wimbo. Ukishaimba besi mwaka mmoja, hata redioni sikio lako linaifuata besi. Okestra ni hivyo hivyo. Chagua ala moja uifuate kipande kizima, nyingine ziache zipite. Kama ni mara yako ya kwanza, fuata zile za chini: selo, besi kubwa za nyuzi, tuba. Fidla zina kelele ya kukuita, zitakuja zenyewe.

Mfano ninaoupenda ni Jaws, filamu ya papa ya mwaka 1975, muziki wa John Williams. Kwa solfa, papa yule ni noti mbili tu: mi, fa. Mi, fa. Selo na besi zinazikokota taratibu, kisha upesi, kisha upesi zaidi, kadiri mnyama anavyosogea. Papa mwenyewe huoni, unaona maji. Juu ya noti zile kuna tuba inayopanda juu sana, mahali ambapo sisi wa matarumbeta tungempa mtu wa honi apige. Williams alitaka tuba kwa sababu kule juu inatisha zaidi, na mpulizaji Tommy Johnson akapiga. Mimi napuliza baritoni, najua midomo inavyouma ukilazimisha chombo kizito kipande. Ule uchungu unausikia, hata kama hujui unatoka wapi.

Siku moja nilikiweka kipande kile wakati tunapiga pasi sare za shule. Binti ninayemfundisha cherehani, ambaye hajawahi kuiona filamu ile, aliacha pasi akageuka mlangoni. "Mama, mbona kama kuna mtu anakuja?" Basi, Williams alikuwa amemaliza kazi yake.

Ukiisha kuisikia mi-fa, rudi kwenye filamu uone ilivyotumika. Kuna mahali watoto wawili wanawatisha watu baharini kwa pezi la bandia. Pale noti mbili zile hazipigwi kabisa. Muziki haudanganyi: papa hayupo. Halafu baadaye, ukishauamini, papa anaibuka nyuma ya mashua bila muziki wowote, unaruka. Mtu aliyefunza sikio lake anaona mtunzi akimwongoza mtazamaji kama dereva anavyoongoza basi kwenye kona za Kitonga.

Sasa tuje kwenye albamu, kwa maana hapa watu wengi hupotea. Albamu iliyotoka pamoja na filamu mara nyingi si muziki wote wa filamu. Sababu ni za kawaida kabisa. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika ishirini na kitu. Marekani, wanamuziki wa okestra walipaswa kulipwa tena muziki wao ulipohamishwa kutoka filamu kwenda albamu, kwa hiyo kampuni ndogo zikakata urefu ili zimudu. Na wauzaji walitaka nyimbo za waimbaji, ndizo zilizouzika. Miaka ikapita, watu wakaenda kwenye makabati ya studio, wakasafisha kanda za asili, wakatoa matoleo marefu. Ndiyo hayo utakayoona yameandikwa "Expanded", "Complete" au "Deluxe" kwenye jalada.

Ya kujifunzia ni The Lion King, kwa sababu hakuna Mswahili asiyemjua Simba. Albamu ya 1994 ina vipande kumi na viwili, lakini vya okestra vya Hans Zimmer ni vinne tu, kama dakika 17 jumla. Vilivyobaki ni nyimbo. Mwaka 2014, filamu ilipotimiza miaka ishirini, Disney walitoa toleo la diski mbili katika mfululizo wao wa Legacy Collection, muziki ukapangwa kwa kufuata hadithi.

Sikiliza hivi. Kwanza ile ya 1994, vile vinne tu, mara mbili au tatu, mpaka uvizoee. Kimoja kinabeba mbio za nyumbu korongoni na kifo cha Mufasa kwa pamoja. Kwaya inaingia juu ya ngoma na ala za shaba, sauti zikiwa zimesimamiwa na Lebo M wa Afrika Kusini, kisha kila kitu kinaanguka na nyuzi zinabaki peke yake. Ni kizuri, lakini kinakuangukia ghafla, kama mtu anayekupa habari ya msiba kabla hujakaa. Wiki inayofuata chukua toleo refu. Humo muziki wa mazungumzo ya baba na mwana chini ya nyota uko mahali pake, kabla ya korongo, ukipigwa polepole. Ukifika kwenye kifo sikio lako limeshazoea upole ule, na nyuzi zinapobaki peke yake unajua kilichoondoka. Zimmer amesema aliuandika muziki huu akimkumbuka baba yake, aliyefariki yeye akiwa mtoto. Nilikuwa natia vifungo koti la bwana mmoja nilipousikia wote kwa mpangilio mara ya kwanza. Nikaweka sindano chini.

Hapo ndipo thamani ya toleo refu ilipo: mpangilio. Wingi wa dakika si hoja. Sikubaliani na wanaosema refu siku zote ni bora. Muziki wa filamu una vipande vya sekunde arobaini vilivyoandikwa ili mtu avuke chumba tu, ukiviweka albamuni vinapita kabla hujavishika. Na kwa Jaws kuna jambo jingine: albamu ya 1975 ilirekodiwa upya kwa ajili ya kusikilizwa nyumbani, kwa hiyo Williams alivipanga vipande vyake kama tamasha. Rekodi zenyewe za kwenye filamu zilitolewa na kampuni ya Decca mwaka 2000, na kampuni ya Intrada wakaweka zote mbili pamoja mwaka 2015. Mimi nikitaka kuogopa nachukua ya filamu, nikitaka kufurahia upulizaji nachukua ya 1975. Mwishoni mwa matoleo marefu huwa kuna vipande mbadala, yaani mapigo mengine ya kipande kile kile ambayo hayakutumika. Viache mpaka uwe unakijua chenyewe kwa moyo.

Kuhusu kununua, uwe macho. Matoleo ya kampuni ndogo kama Intrada na La-La Land Records hutolewa mara nyingi kwa idadi maalumu, elfu chache, yakiisha yameisha, na mengi hayapo kwenye programu za simu. Niliwahi kumtumia pesa muuzaji mmoja wa mtandaoni nikasubiri miezi miwili, nikaletewa diski iliyochomwa nyumbani na jalada la fotokopi. Tangu siku ile natazama mambo mawili kabla ya kulipa: jina la okestra na kondakta, ili nisipewe kundi jingine lililopiga upya, na orodha ya vipande yenye dakika zake. Asiyeweza kukuonyesha orodha hana diski. Kwa anayeanza, yaliyomo kwenye simu yanatosha kabisa. Pakua usiku bando likiwa rahisi, umeme ukikatika usibabaike.

Na vaa eafoni, hata za bei ndogo. Spika ya simu haina besi, na mi-fa zote zinapotea. Mvua ya Machi ikipiga bati la Njombe hata eafoni hazifui dafu, siku hiyo shona tu. Wakati wangu mzuri ni Juni na Julai, baridi na ukungu, duka limefungwa mapema na jiko la mkaa liko karibu.

Ukishafika hapo, uko tayari kwa safari ndefu: The Lord of the Rings ya kwanza, ya 2001, muziki wa Howard Shore. Albamu ya kawaida ni diski moja. Toleo la 2005 liitwalo Complete Recordings ni diski tatu, kama saa tatu. Usilimeze kwa siku moja, chukua jioni tatu. Fuata tuni moja tu, ile ya kijijini kwa watu wafupi waitwao hobbit, ambao filamu inawafuata wakisafiri mbali, inayoanza na filimbi na fidla kama ngoma ya mavuno. Iandike kwenye karatasi kila unapoikuta: nani anaipiga, upesi au polepole, nzima au nusu. Mimi niliiandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya sare. Inapungua kadiri wanavyokwenda mbali na nyumbani, wakati mwingine inatajwa noti chache tu, kama mtu anayekumbuka jina la mtaa wake.

Jioni ya tatu itakuchukua mpaka kwenye majina yanayopanda. Anaimba Enya kwanza. Usizime. Baada yake mvulana mmoja, Edward Ross, anaimba peke yake kwa sauti nyembamba, na ile tuni ya kijijini imo ndani ya wimbo wake, sasa ina maneno.