Matairi yaliyogeuka kahawia: ninavyoyarudisha kuwa meusi

Kila Jumamosi hapa ninapooshea magari, Nkuhungu, Dodoma, hakosekani mteja wa kuniuliza: "Dada, hilo vumbi la kwenye tairi mbona hamlitoi?" Gari limeshaoshwa, bodi inameremeta, vioo safi, lakini matairi yana rangi ya chai ya maziwa. Namwita asogee karibu na tairi, nalowesha kidole, nasugua ubavuni. Lingekuwa vumbi, lingetoka palepale na weusi ungeonekana. Halitoki. Kidole kinakuja na rangi kidogo, kama ya ugoro uliolowa, na tairi linabaki vilevile.

Huu ni mwaka wa 11 naifanya kazi hii, na jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue ni hili: kuna kahawia mbili. Ya kwanza ni udongo. Magari yanayotoka vijiji vya Kondoa yanakuja mekundu mpaka kwenye matundu ya rimu, na hayo hayana shida, maji yenye presha na sabuni vinatosha. Ya pili inatoka ndani ya tairi lenyewe. Hiyo ndiyo inayosumbua watu, na wengi wanaipaka mafuta juu badala ya kuitoa.

Mpira hauzaliwi mweusi. Utomvu wake ni mweupe, na matairi ya kwanza ya magari yalikuwa meupe-meupe. Ndiyo sababu yule kibonge wa kampuni ya matairi ya Michelin, ambaye picha yake ya kwanza ni ya mwaka 1898, ni mweupe mpaka leo. Weusi ulikuja viwanda vilipoanza kuchanganya masizi maalumu kwenye mpira, kwa sababu masizi hayo yanaupa nguvu na kuukinga na jua. Humohumo kiwandani wanatia pia dawa ya kuulinda mpira dhidi ya ozoni. Ozoni ni gesi, imo hewani kidogo tu, lakini inaula mpira mpaka unapasuka nyufa. Dawa inayotumika sana kuizuia inaitwa 6PPD. Haitulii ilipowekwa: tairi linapozunguka na kujikunja, inasogea taratibu kutoka ndani kuja juu, inakutana na ozoni kabla mpira haujakutana nayo, na ikishamaliza kazi inabaki utando wa kahawia.

Kwa hiyo ukiona kahawia usihofu, tairi lako linajilinda. Ila pia usitegemee kuna chupa ya kuimaliza kabisa. Itarudi. Kazi yetu ni kuitoa kila inapojaa, na kuacha kuirundikia vitu vinavyoifanya nene.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Sehemu ya kwanza niliyoajiriwa, tulikuwa na kopo la oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Kazi ikiisha unachovya kitambaa, unazungusha kwenye tairi, linawaka kama kiatu cha askari wa gwaride. Siku moja akaja mzee mmoja, dereva mstaafu, ana Land Cruiser nyeupe. Nikampakia vizuri, tena kwa bidii ili anipe chochote cha juu. Kesho yake asubuhi akarudi. Hakupandisha sauti. Alinionyesha ubavu wa gari nyuma ya kila gurudumu: vidoa vyeusi vimerushwa toka chini ya mlango mpaka karibu na kitasa. Kisha akatoa leso nyeupe mfukoni, akapitisha dole gumba kwenye tairi, akalifuta kwenye leso. Likaacha mstari mnene wa kahawia na mafuta, vumbi la safari ya siku moja limegandia humo. "Mwanangu," akasema, "umelipaka juu ya uchafu. Chini ya hiki kuna uchafu wa mwaka mzima." Tukachuchumaa wote wawili, akanionyesha namna ya kusugua. Sehemu kubwa ya ninayoandika hapa ni yake.

Anza na magurudumu kabla ya bodi, kila siku. Ukianza na bodi, maji machafu ya tairi yatarukia rangi uliyokwisha kuisafisha. Gari liwe kivulini na matairi yawe yamepoa. Ukiweka shavu la kiganja kwenye ubavu wa tairi usisikie moto. Dodoma kiangazi sabuni inakaukia kwenye tairi la moto kabla hujainua brashi, na ikikauka inaacha mabaka. Tenga ndoo na brashi ya magurudumu peke yake. Unga wa breki una vyuma vidogovidogo, ukiuhamishia kwenye bodi kwa sponji umeikwaruza rangi.

Piga maji kwanza, tope na mchanga vitoke. Kisha sabuni. Ukiwa na sabuni ya kukatia grisi, ile ya maji wanayouza kwenye maduka ya vipuri, changanya kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji, ila maelekezo ya chupa yako yakisema tofauti, yafuate. Huna? Sabuni ya unga ya kawaida, vijiko 2 vya chakula kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, ikoroge mpaka iyeyuke yote. Inafanya kazi, utasugua tu mara nyingi zaidi. Paka tairi zima, acha dakika 2 au 3, isikauke.

Sasa brashi. Iwe ya nailoni, ngumu, yenye mpini mfupi unaokaa mkononi. Ile ya kusugulia sakafu inafaa. Ya waya usiiguse, inachana mpira. Sugua kwa mizunguko midogo, kipande kwa kipande, na ukifika kwenye maandishi ya ubavuni sugua toka pande mbili, maana kahawia inajificha kwenye kingo za herufi. Usisahau ule mfereji mwembamba tairi linapokutana na rimu.

Angalia povu, lenyewe litakupa habari zote. Mara ya kwanza linatoka zito, rangi ya kahawa, linateremka taratibu kama uji. Suuza. Paka tena, sugua tena: sasa ni chai ya maziwa. Suuza. Mara ya tatu litakuwa kijivu au jeupe. Hapo umefika kwenye mpira. Tairi ambalo limepakwa mafuta kwa miaka linaweza kutaka mara 5, na gari la namna hiyo namwambia mteja mapema asubiri, kwa sababu nikiishia mara ya pili nitakuwa nimemuibia. Povu likikosa kutoka kabisa, huenda ni maji. Maji ya visima vyetu hapa yana chumvi na sabuni haishiki vizuri. Ongeza sabuni kidogo, au tumia maji ya mvua kama ulikinga.

Kuna kipimo cha mwisho ambacho siachi: kitambaa cheupe chenye unyevu, kipitishe ubavuni kwa nguvu. Kikija na kijivu hafifu, sawa. Kikija na kahawia, rudi kwenye brashi.

Kausha kwa taulo kuukuu, halafu acha tairi lipate hewa nusu saa huku ukiosha bodi. Wengi wanaharibia hapa. Dawa ya kupaka juu ya tairi ikipakwa kwenye tairi lenye maji haishiki, inateleza, na kesho inarushwa kwenye milango. Na maji yetu ya chumvi yakikauka yenyewe yanaacha ukungu mweupe kwenye mpira, kwa hiyo taulo si hiari.

Utazame sasa kabla hujapaka chochote. Tairi safi lililokauka lina weusi uliotulia, hauna mng'ao, kama mkaa. Mimi la gari langu huwa naliacha hivyohivyo. Lakini wateja wengi wanataka dawa, na dawa nzuri ina faida yake: vumbi na uchafu haviingii kwenye mpira moja kwa moja, na kuosha kunakofuata kunakuwa rahisi.

Dawa za tairi ni makundi mawili. Moja ni nyeupe kama maziwa, imetengenezwa kwa maji. Ikikauka haishiki mkono, na weusi wake ni wa wastani. Ya pili ni angavu au inanata, imetengenezwa kwa mafuta na viyeyushi. Inang'aa sana na inakaa hata mvua ikinyesha. Kwa mji wetu wenye vumbi mimi nachagua ile ya maziwa bila kufikiri mara mbili. Ile ya kung'aa inakamata vumbi kama gundi, na ukiirudiarudia bila kusugua ndiyo inayojenga ule utando alionionyesha mzee. Wapo wanaotumia gliserini iliyochanganywa na maji. Haidhuru mpira na bei yake ni ndogo, ila mvua moja tu imeondoka.

Usipulize dawa moja kwa moja kwenye tairi. Inafika kwenye disiki za breki, na breki yenye mafuta haikamati. Weka kwenye sponji, paka nyembamba kuzunguka ubavu, piga kidogo kwenye maandishi ili iingie. Matairi manne ya IST hayanimalizii vijiko 3 vya chakula. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha futa yote iliyobaki juu kwa kitambaa kikavu. Ndiyo, futa, hata kama inauma kuona dawa uliyonunua inaishia kwenye kitambaa. Inayobaki juu haina kazi nyingine zaidi ya kurukia bodi.

Pale panapokanyaga barabara usipake kamwe, panateleza. Na vijana wa bodaboda mnaniletea pikipiki mkitaka matairi yang'ae: sitapaka, hata ukiniongeza hela. Pikipiki ikilala kwenye kona inakanyagia mpaka pembeni mwa tairi, na dawa ikiwa pale utaanguka. Nitakusugulia kwa brashi na sabuni mpaka liwe jeusi, basi.

Oili chafu, dizeli na mafuta ya taa viache kabisa. Mpira unavinywa, unavimba na kulegea, na vinaondoa kinga ile ile iliyowekwa kiwandani. Mafuta ya breki nayo usiyapake, yakidondokea bodi yanamenya rangi. Kiwi ya viatu inaziba juu kisha inapasuka vipande. Jiki inaukausha mpira. Soda ina sukari, utakuwa umewatengenezea sisimizi karamu.

Tairi jipya nalo lina mambo yake. Linatoka kiwandani na utando wa kuteleza uliowekwa ili lisigande kwenye fomu, yaani chombo kinacholipa umbo, na utando huo unashika vumbi upesi. Ndiyo maana mtu anafunga matairi mapya na baada ya wiki chache anaona yamefifia kuliko ya jirani. Lisugue vizuri mara ya kwanza, kama tairi kuukuu.

Baada ya hapo huhitaji kuteseka. Kila wiki brashi na sabuni mara moja, suuza, kausha. Kusugua kule kwa mara tatu fanya mara moja kwa mwezi, au kitambaa cheupe kikikwambia. Maji ya kuoshea mimi nayaelekeza kwenye shimo lenye kokoto, siyaachi yaende korongoni. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2020 kwamba 6PPD ikishakutana na ozoni inageuka kitu kinachoua samaki aina ya salmoni kwenye mito ya huko. Samaki hao hatuna, lakini korongo letu lina watoto wanaochezea maji.

Ukishasugua, tumia nafasi hiyo kulikagua tairi, maana sasa linaonekana. Tafuta namba 4 zilizo mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT. Ikiandikwa 3517, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mara nyingi namba hizo ziko upande mmoja tu, inabidi uchungulie chini ya gari. Kama kuna nyufa ambazo ukucha unaingia, au uvimbe, nenda kwa fundi wa matairi, usipake dawa. Na ukienda kununua matairi ya mtumba, yaliyopangwa yanang'aa kando ya barabara, omba maji na kitambaa, futa kwanza, ndipo usome namba na kutafuta nyufa. Muuzaji mwaminifu atakupa hayo maji mwenyewe.

Yule mzee bado anakuja. Kila nikimaliza gari lake anazunguka, anapitisha dole gumba kwenye tairi moja, analitazama, anaingia kwenye gari. Mwezi uliopita alizunguka mpaka nyuma, akapitisha dole kwenye tairi la akiba lililoning'inia mlangoni, akanionyesha: kahawia tupu. Nilikuwa nimelisahau. Kwa hiyo kama gari lako limebeba tairi la akiba kwa nje, lisugue na hilo. Linapigwa jua mwaka mzima na halina anayelikumbuka mpaka siku ya pancha.