Ekari tatu, kamba mbili na farasi wa mbio

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, Ngong kwa miaka 11 kabla sijarudi Njoro kwenye shamba la marehemu baba. Ni ekari 3, na nusu yake ni mteremko. Sina uwanja wa mazoezi, sina mashine ya kutembezea farasi, na banda langu ni la mabati na mabanzi. Farasi si wageni huku kwetu: Beryl Markham, yule aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936 kutoka mashariki kwenda magharibi, alikulia hapa hapa Njoro kwenye mabanda ya baba yake. Lakini yale yalikuwa mabanda ya watu wenye nafasi. Mimi huletewa farasi wawili au watatu kwa mwaka, wakiwa na miezi 18 hadi 20, niwafundishe kubeba mtu na kukimbia kwa adabu, halafu wanakwenda kwa trena, mkufunzi wa farasi wa mbio, mwenye leseni Nairobi. Ninayoeleza ni ya hapo katikati tu. Ya uwanjani nawaachia wenye uwanja.

Anza na miguu. Siku yangu ya kwanza kazini niliingia bandani nikaamkia kila mtu. Mzee aliyekuwa mkubwa wa masaisi akanitazama, akasema, “Kijana, umetuamkia sote. Miguu je?” Nilidhani ni utani. Akachuchumaa kando ya farasi, wala si mbele yake, akashika miguu yote miwili ya mbele kwa pamoja, kiganja kimoja huku na kimoja kule, akateremka nayo kutoka gotini hadi kwenye kifundo, polepole kama mtu anayekamua. Mguu mmoja ndio mizani ya mwenzake. Ukihisi mmoja una joto kuliko wa pili, hata kidogo, leo hapandwi. Nyuma ya muundi, ule mfupa wa chini ya goti, kuna kano mbili zinazoshuka pamoja, na vidole vyako vinapaswa kuzitofautisha: ngumu, kavu, kama kamba za gitaa. Ukikuta zimezungukwa na kitu laini kama uji uliopoa, mwite daktari, mpandaji mwambie abaki nyumbani. Mimi hufanya hivi alfajiri kabla ya kulisha, kabla jua halijapasha kila kitu joto nikakosa kujua lipi la jua na lipi la ugonjwa. Ni dakika 2 kwa farasi mmoja. Katika kazi hii yote, kama una muda wa jambo moja tu, fanya hilo.

Chakula nacho nimekosea mwenyewe, kwa hiyo nitakisema kwa kirefu. Mwaka wangu wa kwanza nilipima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, kama tunavyopima kila kitu. Oti zilipoadimika nikanunua mahindi, na gorogoro zikabaki zile zile. Sasa mahindi ni mazito. Gorogoro ya mahindi ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya ile ya oti, na wanga wake ni mwingi kuliko tumbo la farasi linavyoweza kumudu kwa mkupuo. Nilikuwa na dume mmoja tuliyemwita Debe, kwa sababu hakuna debe bandani ambalo hakuwa amelipiga teke. Siku ya nne nikamkuta chini, anajigaragaza, anageuza kichwa kutazama ubavu wake, jasho linamtoka usiku wa baridi. Mimi na mama watoto tulimtembeza kwa zamu mpaka daktari alipofika saa 11 alfajiri. Alipona. Siku hiyo hiyo nikaenda sokoni kununua mizani ya kuning'inia, ile wanayopimia viazi, na gorogoro ikarudi jikoni.

Uzito wa farasi mwenyewe hauhitaji mizani. Chukua uzi, maana tepu ya fundi cherehani ina sentimita 150 tu na haitazunguka. Uzungushe kifuani nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha upime uzi. Pima pia urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880, utapata kilo. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa 150 ana kilo 365 hivi. Huyo ale kilo 7 hadi 9 za chakula kikavu kwa siku, na angalau theluthi mbili ziwe nyasi. Mimi hutumia marobota ya nyasi za Boma Rhodes, na nafaka nazigawa mara tatu ili tumbo lipate nafasi. Nyasi za kikuyu na pumba za ngano ni rahisi kupata huku, ila vyote viwili humnyima farasi kalisi, kila kimoja kwa njia yake, na farasi anayekua bila kalisi ya kutosha hudhoofika mifupa hadi ya uso kuvimba. Ukitegemea hivyo, ongeza chokaa ya mifugo, na umwambie daktari akupe kipimo.

Halafu kuna vitu viwili ambavyo havina mjadala. Mahindi yenye ukungu, hata yale ambayo ng'ombe angekula bila neno, huweza kuharibu ubongo wa farasi. Na chakula cha kuku kisikaribie banda kabisa: dawa inayotiwa humo kuzuia koksidia, vimelea wa matumbo ya kuku, iitwayo monensini, kuku huistahimili, lakini moyo wa farasi huangamia kwa kiasi kidogo sana. Hata nafaka ya farasi isage kwa mtu unayejua mashine yake haijasaga cha kuku kabla.

Haya, mafunzo. Farasi mchanga akifungwa kwenye nguzo kwa mara ya kwanza atavuta, na akishinda siku hiyo atavuta maisha yake yote. Tafuta nguzo iliyozikwa futi 4, uifunge tyubu ya tairi la gari, kisha kamba yake uifunge kwenye tyubu, usawa wa juu ya mabega yake. Anavuta, tyubu inanyooka, inamrudisha. Hakuna kilichokatika, hakuna aliyepigwa, na hakuna wa kumkasirikia. Kaa karibu ukiwa na kisu, uikate kamba akinaswa. Kwa kawaida siku ya tatu anasimama anasinzia.

Kabla ya lijamu, kile chuma cha kinywani, mwombe daktari amtazame kinywa. Kuna kijino kidogo ambacho huota mbele ya magego ya juu, na lijamu ikikigonga farasi atarusha kichwa, nawe utadhani ni mkaidi. Kikiwapo king'olewe, kidonda kipone. Kisha lijamu nyepesi iliyopakwa molasi, robo saa kwa siku, aichezee tu kwa ulimi akiwa bandani. Siku tano, sita. Usiharakishe.

Baada ya hapo ndipo zile kamba mbili. Mkanda tumboni wenye pete mbili kila upande, kamba kutoka kila pembe ya lijamu ipite kwenye pete, nami nyuma yake kwa hatua tatu, kando kidogo ili teke lisinifikie. Hivi ndivyo anavyojifunza kwenda mbele, kupinda na kusimama kabla hajabeba mtu yeyote. Na hapa ndipo mwenye shamba dogo anamshinda tajiri. Farasi wa shamba kubwa hufundishwa kwenye ua tulivu. Wangu namtembeza kwenye njia ya ng'ombe, tunapita mashine ya kusaga, watoto wa shule, punda wa maji, bodaboda iliyobeba godoro. Wiki ya kwanza nachoka mabega. Wiki ya nne, kipaza sauti cha kanisa kinawashwa karibu na sikio lake naye anatazama tu.

Kumpanda hakuhitaji ushujaa. Anza bandani mwake, ambako hawezi kushika kasi. Gunia tupu mgongoni, kisha tandiko, mkanda ukikazwa tundu moja moja kwa siku mbili tatu. Kijana wangu ana kilo 52. Humlalia mgongoni kama mzigo wa kuni, tumbo chini, miguu ikining'inia, mimi nimeshika kichwa, tunamzungusha bandani mara mbili, anateremka. Siku nyingine anapitisha mguu, anakaa. Ukimwona farasi amekunja mgongo na mkia ameubana, rudi hatua moja. Tangu kamba ya kwanza hadi kutembea nje na mpandaji mimi huhesabu wiki 7 au 8, halafu namwachia malishoni mwezi mzima. Wenye farasi hupiga simu mwezi huo wakiuliza wanalipia nini. Wanalipia mifupa. Sehemu ya mfupa inayokua juu ya goti haijafunga vizuri hadi anapokaribia miaka miwili na nusu.

Akirudi, mwezi mmoja ni wa kutembea na kwenda matiti, ule mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia, na mteremko wangu ambao haufai kwa mahindi ndio unaofanya kazi. Kupanda kilima humpa moyo na mapafu kazi kubwa kwa mwendo mdogo, na mwendo mdogo hauumizi miguu. Kushuka ni kwa kutembea tu. Kwa mbio namtegemea jirani mwenye ngano. Akivuna, nina miezi kadhaa ya shamba lenye udongo laini wa majivu ya volkano, nami namlipa kwa samadi. Kabla ya farasi kukanyaga pale tunapita kwa miguu, mimi na kijana, tukitafuta mashimo ya fuko. Kila tulilopata tunalijaza na kulitia kijiti chenye kitambaa. Umbali napima kwa kamba ya mita 20, mara kumi, naweka magunia meupe. Saa ni ya simu. Mita 200 kwa sekunde 30 ni mbio za taratibu, na farasi wangu hukaa hapo wiki nyingi, mita 1,000, baadaye 1,600, siku nne kwa wiki. Uwanjani farasi aliyeiva hupita mita 200 kwa sekunde 12 hivi. Kazi ya kumfikisha huko si yangu.

Hilo nililisahau kwa Kipusa. Alikuwa jike mwepesi kuliko wote niliowahi kushika, na Januari ile ya ukame mwenye farasi alikuwa anakuja kumtazama na wageni wake. Shamba la ngano lilikuwa limeshalimwa. Nikampeleka kwenye barabara ya maramu, ngumu kama sakafu, nikamwachia kijana apige shoti mita 600 mara mbili. Watu wakapiga makofi. Kesho yake nilipoiamkia miguu, akanyanyua mguu wa kushoto kabla sijaugusa, na mbele ya muundi palikuwa na joto na kinundu kama nusu ya yai la kwale. Miezi mitatu malishoni. Nilimpigia mwenyewe simu nikamwambia ukweli, na hiyo ndiyo simu nzito kuliko zote nilizopiga.

Nilichojifunza baadaye, kwa kuuliza madaktari, ni kwamba kukimbiza taratibu peke yake pia hakumwokoi. Mfupa hujijenga kulingana na kazi unayopewa, na wa mbio unahitaji kuonjeshwa kasi kidogo kidogo. Kwa hiyo sasa, baada ya wiki 8 za taratibu, siku mbili kwa wiki mita 200 za mwisho tunaziongeza hadi sekunde 16 au 17, basi. Umbali mfupi, ardhi laini. Ardhi ikikauka tunarudi kilimani, hata awe anakuja nani.

Mapigo ya moyo hayahitaji chombo. Chini ya taya kuna mshipa unaoviringika chini ya kidole. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi aliyetulia ana 28 hadi 44. Dakika 10 baada ya kazi, akiwa bado juu ya 70, mimi huandika kwenye daftari kwamba nilimzidishia, na kesho yake anatembea tu. Kumbuka Njoro tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, farasi mgeni atahema mapema, mpe wiki tatu. Nunua pia kipimajoto cha duka la dawa, ukifunge uzi na kibanio cha nguo ukibane mkiani. Joto la kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Likipita hapo, ikiwa kupe wamekuwa wengi au mvua zimetoka kuisha, usingoje kesho kumwita daktari. Ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na usubi huweza kuua kwa siku chache. Chanjo ni kila mwaka, na kabla ya magharibi kila farasi awe ndani, kwa sababu usubi huuma kuanzia jioni hadi asubuhi.

Mwisho kabisa, mambo mawili ambayo trena wa Nairobi atakushukuru kwayo. Jenga kichochoro cha milingoti ya mkaratusi, upana wa futi 3 tu, na umlishe humo. Mwanzoni pande zote mbili wazi, kisha ning'iniza magunia mbele, kisha funga nyuma. Siku atakapoingizwa kwenye malango ya kuanzia mbio ataona ni kichochoro kile kile, ila chakula kimesahaulika.

La pili ni lori. Usimfundishe siku ya safari. Namwomba dereva wa maziwa, akishamaliza zamu, arudishe lori nyuma kwenye ukingo wa tuta langu ili sakafu yake ilingane na ardhi, tutandaze nyasi ndani. Tunaingia, tunakula, tunatoka. Mara kumi, kumi na mbili, injini imezimwa, baadaye inanguruma. Dereva anadai chai na mandazi. Mpe.