Vifuu vitatu vya Popi

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Kihonda, Morogoro. Popi, mtoto wetu wa mbwa, aliletwa akiwa na miezi miwili na nusu. Hajamaliza mwezi, alikuwa ameshatafuna futi yangu ya kupimia, ndala mbili (zote za kushoto) na mkono wa blauzi ya kitenge ambayo mwenyewe alikuwa anaifuata kesho yake kwa ajili ya kipaimara. Kitambaa nikakisaka sokoni kwa hela yangu, nikakesha. Mume wangu akasema dawa yake mnyororo, na kweli akaununua. Nikamwomba anipe wiki mbili.

Aliyenipa akili ni mteja wangu mmoja aliyewahi kufanya kazi kule SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwenye mradi wa APOPO, wale wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Akaniambia panya hafundishwi kwa fimbo. Kwanza anazoeshwa kwamba akisikia mlio fulani, “tk!”, kuna kipande cha ndizi kinakuja. Baadaye anaelewa kuwa ule mlio unapatikana akiigundua harufu. Panya Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. “Sasa dada,” akasema, “panya ana kazi. Mbwa wako umempa kazi gani?”

Sikuwa na jibu. Kazi ya Popi ilikuwa kunisubiri nimalize kushona.

Ukitaka kumpa mbwa wako kazi, anza na vifuu. Ukishakuna nazi, kwangua kifuu vizuri, kioshe, kianike. Unahitaji vitatu. Chukua dagaa wakavu wasio na chumvi, waoshe mchanga, wachemshe kidogo. Siku ya kwanza tumia kifuu kimoja tu: mwonyeshe dagaa, mfunikie mbele ya macho yake, sema “tafuta”. Popi alibweka kwanza, akakikanyaga, kikaruka kama kisahani. Alipokigeuza nikapiga ulimi “tk!” na kumwacha ale. Rudia mara tano, basi, hata kama bado anataka. Akishazoea ongeza cha pili kisicho na kitu, halafu cha tatu, halafu anza kuvihamisha-hamisha.

Hapo ndipo utaona raha. Mwanzoni alikuwa anavipiga vyote kwa fujo. Siku kama ya sita alisimama. Akapitisha pua juu ya cha kwanza, akakiacha, akafika cha pili, nikasikia pumzi zinakuwa fupi fupi, fu-fu-fu, kisha akakisukuma kwa pua taratibu kabisa. Dakika nne za mchezo huo, akajilaza chini ya meza ya kukatia na kulala, wakati siku ya kukimbizana na watoto uwanjani nusu saa ndiyo kwanza anapandwa na wazimu. Akianza kukitafuna kifuu chenyewe, mnyang'anye. Vipande vyake ni vigumu.

Baada ya hapo niliacha kumwekea chakula chote kwenye bakuli. Nusu ya ugali wake mkavu naumega vipande vidogo na kuvitupa kwenye nyasi nyuma ya nyumba, avitafute mwenyewe. Siku za mvua natumia trei ya mayai ya karatasi: natia vipande kwenye vishimo, nafunika na vitambaa chakavu. Au chupa ya maji ya lita moja na nusu, nimetoa kizibo, ile pete yake na karatasi, nimetoboa matundu mawili, anaibingirisha vinamwagika kimoja kimoja. Ina kelele, kweli. Akishaipasua, naitupa.

Kutafuna ni jambo jingine. Meno ya utoto huanza kung'oka kwenye miezi minne hivi, na fizi zinawasha. Juzi nimeokota jino chini ya cherehani, dogo kama punje ya mchele. Mimi nachukua khanga kuukuu, naisokota kama kamba, nafunga mafundo matatu, naloweka, naweka friza. Ikigandishwa, itamshughulisha ukiwa unapiga pasi. Akikung'ata mkono usipige kelele, kwake hiyo ni shangwe. Nyamaza, mgeuzie mgongo, akitulia mpe khanga yake.

Ila kuna vitu ambavyo sina mzaha navyo. Gunzi la mahindi usimpe kabisa, wala kokwa la embe: akimeza vinaziba utumbo, na dawa yake mara nyingi ni kupasuliwa. Mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha. Chokoleti, vitunguu na zabibu ni sumu kwake. Kwa mafundi wenzangu: uzi. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au huko nyuma, usiuvute, unaweza kukata utumbo ndani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo vile vile ulivyo.

Kuchimba nimemwachia kona moja yenye mchanga, nafukia khanga yake humo. Mchicha wangu umepona kiasi.

Na usingizi jamani. Mtoto wa mbwa hulala hata saa kumi na nane kwa siku. Kile kichaa cha saa moja jioni, mbio za kuzunguka makochi masikio nyuma, mara nyingi ni uchovu, kama mtoto wa miaka miwili aliyekosa kulala mchana. Popi ana boksi la kabati lenye gunia ndani. Nampeleka huko kwa upole, sio kwa adhabu, dakika tano anakoroma.

Nje ya geti sikumtoa mpaka alipomaliza chanjo za mwanzo, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha, unawamaliza watoto wa mbwa haraka, na ya kichaa cha mbwa alichomwa alipofikisha miezi mitatu. Ila getini pale nilimfundisha “kaa”. Mzee wa nyumba ya pili hupita kwenda msikitini alasiri akiwa na udhu, na pua mbichi ya mbwa kwenye kanzu ni ugomvi. Dagaa mmoja, “kaa”, “tk!”, kila siku saa kumi kasoro.

Ule mnyororo tunafungia geti. Wiki iliyopita mzee alipita, Popi akakaa mwenyewe bila kuambiwa, mkia unafagia vumbi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akamtazama Popi kwa muda, akauliza: “Huyu ndiye yule wa ndala?”