Namna ya Kufuatilia Ndege ya Kivita Iliyopotea Kwenye Pwani ya Norwei Ukiwa Lubumbashi

Aliyekulia Katanga analijua jina la Shinkolobwe hata kabla hajaingia darasani. Sehemu ya urani ya mgodi huo ilikuwa imehifadhiwa Ubelgiji mwaka 1940, Wajerumani walipoivamia nchi hiyo na kuichukua urani hiyo. Kwa majaribio yao ya atomi walihitaji pia maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito kuliko ya kawaida, na maji hayo yalitengenezwa Vemork, karibu na mji wa Rjukan, katika Norwei waliyokuwa wameivamia tarehe 9 Aprili mwaka huohuo. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1942 Waingereza walirusha kutoka Skotlandi ndege 2 aina ya Halifax, kila moja ikivuta kwa kamba glaida aina ya Horsa, yaani ndege isiyo na injini, ili wanajeshi wahandisi waliokuwa ndani ya glaida hizo wakabomoe kiwanda hicho. Glaida zote 2 ziliangukia Norwei na Halifax moja ikagonga mlima. Operesheni hiyo iliitwa Freshman, nami nitaitumia kama mfano mkuu katika mwongozo huu, kwa sababu inamhusu msomaji wa Lubumbashi kuliko nyingi nyingine, na pia kwa sababu ina karibu kila mtego unaomngoja mtafiti wa mambo haya.

Kwanza uielewe pwani yenyewe. Fiodi ni ghuba nyembamba na ndefu iliyochongwa na barafu ya kale, yenye kuta za milima kila upande na maji ya kina kirefu sana chini yake. Meli za Kijerumani zilijificha humo zikiegemea ukuta wa mwamba, na mizinga ya kutungulia ndege iliwekwa melini na kwenye miteremko, kiasi kwamba rubani aliyeingia chini chini kushambulia alipigwa kutoka juu na kutoka pembeni huku akikosa nafasi ya kugeuza. Tarehe 9 Februari 1945 ndege za Uingereza na washirika wake ziliishambulia manowari Z33 ndani ya Førdefjorden, na ndege 9 aina ya Beaufighter pamoja na 1 aina ya Mustang hazikurudi. Kikosi cha 404 cha Kanada peke yake kilipoteza Beaufighter 6. Mapigano hayakuwa sababu pekee. Mawingu mazito, barafu inayoganda kwenye mabawa, mafuta yanayoisha juu ya bahari na milima isiyoonekana usiku viliangusha ndege nyingi ambazo hakuna adui aliyezigusa. Kwa hiyo usianze kazi ukiwa umekwisha kuamua kwamba ndege yako ilitunguliwa.

Chagua ndege moja tu. Anayeanza na «ndege zote zilizoanguka Norwei» hufika mwisho wa vifurushi vyake vya intaneti kabla ya mwisho wa ukurasa wa kwanza wa orodha. Ukishachagua, tafuta namba yake ya utambulisho kabla ya jambo lingine lolote. Ndege ya Uingereza ilikuwa na alama za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Herufi kubwa zilizopakwa ubavuni zilionyesha kikosi na nafasi ya ndege ndani ya kikosi: TL-S ilikuwa ndege S ya kikosi cha 35, lakini ndege hiyo ikipotea, nyingine ingeweza kupewa herufi ileile. Namba ndogo iliyoandikwa karibu na mkia, kama W1048, haikurudiwa. Halifax W1048 ndiyo iliyotua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1942, baada ya kushiriki shambulio dhidi ya meli ya kivita ya Kijerumani Tirpitz karibu na Trondheim. Barafu ilipoyeyuka ikazama, wapiga mbizi wakaitoa mwaka 1973, na sasa iko katika jumba la makumbusho la RAF, yaani Jeshi la Anga la Uingereza, huko Hendon, London. Upande wa Wajerumani mambo yanafanana: msimbo wa ubavuni kama 1H+CT unataja kikosi kikuu, herufi ya ndege yenyewe na kikosi kidogo, lakini namba ya kiwandani ndiyo inayoitofautisha ndege hiyo na zote nyingine. Katika mfano wetu, Halifax iliyopotea ni W7801, na glaida ni DP349 na HS114. Andika namba hizo juu ya kila karatasi utakayoifungua.

Baada ya namba, nenda makaburini kabla ya kwenda kwenye ndege. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayofunguka bure, nyepesi hata kwa simu yenye mtandao dhaifu, na inakupa jina, cheo, kikosi, tarehe ya kufa na mahali pa kuzikwa. Chuja kwa tarehe na kwa nchi, kisha uone nani wamelazwa pamoja. Watu wa W7801, wote 7, wamezikwa Helleland, na hilo peke yake linakuelekeza kwenye mlima ambao ndege iligonga. Asiyepatikana kaburi utamkuta kwenye mnara wa kumbukumbu. Wanaanga wa RAF na wenzao wasio na kaburi, zaidi ya 20,000, wameandikwa Runnymede, karibu na London.

Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo, na unastahili kuangaliwa kwa makini. Tarehe ya kufa si lazima iwe tarehe ya kuanguka. Glaida HS114 iliangukia karibu na Helleland, wakafa watu 3. Waliobaki 14 walikamatwa na kupigwa risasi siku iliyofuata karibu na Egersund, kwa sababu Hitler alikuwa ametoa amri mwezi uliotangulia kwamba makomando wauawe hata wakijisalimisha. Glaida DP349 iliangukia Fyljesdal, juu ya Lysefjord, ikaua watu 8 kati ya 17. Majeruhi 4 waliuawa Stavanger mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, na miili yao ikatupwa baharini, kwa hiyo hawana kaburi. Wengine 5 walifungwa katika kambi ya Grini, kisha wakapigwa risasi katika msitu wa Trandum tarehe 18 Januari 1943. Mtu anayetafuta ndege iliyoanguka Januari 1943 kwa kufuata tarehe za makaburi ya Oslo, walikozikwa hao 5, hataipata, maana ilikuwa imeanguka miezi 2 kabla. Jumla ya waliokufa ni 41, na hesabu hiyo inakamilika pale tu unapoyajumlisha makundi haya yote bila kuyachanganya.

Sasa fungua vitabu vya vikosi. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, inavitunza katika fungu la AIR 27, na mafaili ya vifo na majeruhi yamo katika AIR 81. Kurasa zilizopigwa picha ni nzito, hivyo pakua usiku mtandao unapotulia, ukiwa umekwisha kujua mwezi unaoutaka. Ukurasa wa safari una safu zilizopigwa taipu: namba ya ndege, majina ya walio ndani, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maelezo. Teremsha jicho kwenye safu ya saa ya kutua. Ndege zilizorudi zina tarakimu. Iliyopotea ina nafasi tupu, na pembeni yake sentensi moja fupi kwamba haikurudi. Usitarajie zaidi ya hapo, kwa kuwa mwandishi wa kikosi aliandika alichokijua asubuhi ile, na hakujua kitu.

Hata taarifa iliyopokelewa hewani inaweza kupotosha. Usiku wa Freshman, Halifax iliyokuwa ikivuta DP349 ilituma ujumbe kwamba glaida imeachiwa baharini. Vipimo vya redio vilionyesha kwamba ndege ilikuwa juu ya milima ya kusini mwa Norwei, na kweli glaida ilikuwa imeangukia nchi kavu baada ya kamba iliyoganda barafu kukatika. Taarifa ya kwanza uiandike kama taarifa ya kwanza, pamoja na jina la aliyeitoa, kisha uisubirie ushahidi wa ardhini.

Linganisha na karatasi za upande wa pili. Orodha za hasara za jeshi la anga la Ujerumani zinatunzwa Freiburg, na zinataja tarehe, kikosi, mahali, chanzo, aina, namba ya kiwandani na asilimia ya uharibifu. 100 maana yake ndege imepotea kabisa, chini ya 60 maana yake ilitengenezeka, na kuanzia 60 kwenda juu ilihesabiwa kuwa haifai tena kutengenezwa. Jambo ambalo kwangu halina mjadala ni hili: usithibitishe hasara ya upande mmoja kwa madai ya ushindi ya upande mwingine. Marubani 2 wakiifyatulia risasi ndege moja ndani ya moshi, kila mmoja huandikiwa ushindi wake kwa nia njema kabisa, na ndege moja inazaa mbili kwenye vitabu. Hasara inathibitishwa na aliyepoteza.

Kisha sawazisha saa. Aprili 1940 saa za Uingereza zilitangulia saa ya Greenwich, ile inayotumika kama kipimo cha saa za dunia, kwa saa 1 na za Ujerumani kwa saa 2, ndiyo maana pambano moja linaweza kuonekana mapambano mawili. Novemba 1942 zote zilikuwa zimetangulia kwa saa 1, yaani saa 1 nyuma ya Lubumbashi ya leo. Geuza kila kitu kwenda Greenwich, na uandike 23.30 jinsi ilivyo. Ukichanganya na saa tano na nusu usiku ya mazungumzo ya nyumbani, ndani ya wiki moja hutajua tena ipi ilikuwa ipi.

Majina ya mahali hayataki haraka. Herufi å ilikuwa ikiandikwa aa, Wajerumani waliita Trondheim Drontheim, na kuna Sandvik na Vik nyingi kiasi kwamba jina peke yake halifai kitu bila wilaya. Idara ya ramani ya Norwei ina ramani huru kwenye intaneti. Pima umbali kutoka jina hilo hadi kaburi na hadi kituo cha kijeshi cha karibu.

Mwisho andika barua kwa jumba la makumbusho la eneo husika. Kwa Lysefjord na Helleland, jumba la historia ya ndege la Sola, nje ya Stavanger, liko karibu. Andika kwa Kiingereza rahisi, hata kama Kifaransa ndicho kinachokutoka vizuri zaidi. Taja namba ya ndege, tarehe, karatasi ulizokwisha kuzisoma, na swali moja tu linaloweza kujibiwa, kwa mfano ni mteremko upi wa mlima ambao wenyeji wanautaja. Usiombe ramani ya kufika kwenye mabaki, kwani baadhi ya mabaki bado yana mifupa ya watu, na watunzaji humwepuka anayeanza kwa swali hilo.