Kupima digoksini kwenye damu: usikimbilie sindano

Jamani wenzangu wa maabara, kipimo cha digoksini (dawa ya moyo) kinaharibika mara nyingi hata kabla mashine haijawashwa, kwa sababu ya muda. Kwanza muulize mgonjwa kameza kidonge saa ngapi, andika kwenye fomu. Subiri angalau masaa 6 mpaka 8 toka ameze, 12 ndo nzuri zaidi, maana mwanzoni dawa bado inatoka kwenye damu kuingia kwenye misuli ya moyo, ukichota mapema namba inapanda juu na daktari anaweza kupunguza dozi bure, mgonjwa wa watu akaumia. Kama ndo ameanza dawa, ngojeni kama wiki 1 hivi, figo zikiwa mbovu ngojeni zaidi ya hapo. Ila akionyesha dalili za sumu kama kutapika, kuona rangi ya njano au mapigo kuvurugika, pima hapohapo.

Zungusha damu kwenye sentrifuji, tenganisha siramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe), endesha kontroli (sampuli ambayo jibu lake linajulikana) kwanza ndo uweke sampuli. Mashine nyingi zinatumia kingamwili zinazoishika digoksini, kwa hiyo mgonjwa akishapewa dawa ya kuondoa sumu yake (nayo ni kingamwili) jibu halitegemeki tena.

Kwa moyo kushindwa kazi wengi wanalenga nanogramu 0.5 mpaka 0.9 kwa mililita, ikizidi 2 piga simu wodini mara moja. Na potasiamu pimeni pamoja tafadhali, ikiwa chini dawa inadhuru hata kama namba inaonekana nzuri.