Kumfundisha tabibu mgeni kupima trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza

Tabibu akitokea mjini kuja kwetu Kongwa, Dodoma, vitabu simpi kwanza. Namtoa nje penye mwanga na miwani ya kukuza mara 2.5. Mtoto atazame chini. Shika nywele za kope ya juu, egemeza kijiti cha pamba, geuza taratibu. Wengi hubana kwa nguvu, mtoto analia, zoezi limeisha. Hesabu vivimbe vyeupe katikati ya upande wa ndani wa kope uliogeuza: 5 au zaidi, kila kimoja angalau milimita 0.5, ni trakoma hai. Unawe kabla ya mtoto anayefuata, hata kama maji ni ya kununua. Dawa yake, azithromaisini, ikikosekana, mpake mafuta ya macho ya tetrasaiklini mara 2 kwa siku, wiki 6. Bibi akija na kibano cha kung'olea nywele za kope zilizogeukia ndani na kumchoma jicho, mpe rufaa ya upasuaji.